Mume wangu mfugaji alivyoipenda Serengeti

Mume wangu alikulia Meatu akichunga ng'ombe wa baba yake, upande ule unaopakana na Pori la Akiba la Maswa. Tulipooana na mimi nikaanza kutaja likizo za kwenda hifadhini, hakukasirika. Alinieleza kwa utulivu kwamba simba walikwisha kula ndama wa kwao, fisi wakala punda, na tembo waliwahi kumaliza shamba la mtama la mama yake kwa usiku mmoja. Wanyama hao aliwaona bila kulipa senti, na wengine aliwaona akiwa juu ya mti. Kukodi gari na kufunga duka siku mbili ili akawaone tena, hilo lilimshinda kulielewa.

Nayaandika haya kwa ajili ya wale ambao wenza wao hawataki hata kusikia habari za hifadhi. Hapa Mwanza mko wengi, maana kila ninaposimulia kazini kuna mtu ananivuta pembeni na kuniambia kwake ni hivyo hivyo. Sisi ilituchukua miaka, ikatugharimu pesa na kununiana. Siku hizi anayepanga tarehe ni yeye, na ningependa wengine wafike huku kwa njia fupi kuliko yetu.

Mimi ni mtoto wa Kirumba, na mapenzi yangu yalianzia Saanane. Kile kisiwa kiko ndani ya jiji kabisa, boti kutoka Capri Point haimalizi robo saa. Kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, na jina lake linatokana na Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akikimiliki kabla ya serikali. Tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 tu. Nilikwenda na darasa letu, nikamwona pimbi kwa mara ya kwanza akiota jua juu ya jiwe, na mwalimu akatuambia kwamba ndugu zake wa karibu ni tembo. Niliduwaa. Mpaka leo nikimwona pimbi huwa nasimama.

Kwa hiyo mwenzangu aliposema haendi, nilianza kubishana naye kwa hoja za bei. Nilimwambia raia tunalipa kwa shilingi, kiingilio cha Serengeti mtu mzima wakati huo kilikuwa shilingi 10,000 kabla ya kodi, si zile dola wanazolipa wageni. Yeye akanijibu kwa hesabu zake: mafuta, gari, malazi, chakula, siku mbili bila mauzo. Ana duka la dawa za mifugo na pembejeo kule Igoma, na duka la namna hiyo ukilifunga siku ya mnada wa ng'ombe umejinyima. Hesabu zake zilikuwa sahihi. Tulizunguka hapo kwa muda mrefu sana, kila mmoja akidhani tunagombania pesa.

Kumbe kulikuwa na jambo lingine ambalo hakulisema mpaka baadaye. Ng'ombe wakivuka mpaka na kuingia kwenye hifadhi, mwenye mifugo hupigwa faini, na kwao waliwahi kuuza madume ili kuwakomboa ng'ombe waliobaki. Alikuwa kijana mdogo, alimwona baba yake akirudi siku ile. Kwake geti la hifadhi na askari mwenye sare havikuwa na raha yoyote. Mimi nilikuwa namwalika mahali palipomdhalilisha mzazi wake, nikimwambia ni bei nafuu. Mama mkwe naye aliniuliza siku moja, bila ubaya wowote, "Mkamwana, mnakwenda kuwaangalia hao hao waliomaliza ng'ombe zetu?" Sikuwa na jibu. Ndiyo maana nasema, kabla ya kuongea gharama muulize mwenzako hifadhi kwake ina maana gani. Umwache aseme yote, hata kama itachukua jioni nzima, na usimjibu siku hiyo hiyo.

Safari yetu ya kwanza pamoja ilikuwa mbaya. Kuna mtu hapa mjini alikuwa anakusanya watu kwa safari ya siku moja ya Serengeti wakati wa Pasaka, anachukua pesa mapema, gari Hiace, chakula juu yake. Mume wangu alikubali kwa ajili ya watoto. Tulichelewa kuondoka kwa sababu abiria wengine walikuwa wanafuatwa nyumba kwa nyumba, muziki ukapigwa tangu Buzuruga, na tulipovuka daraja la Simiyu mvua ilikuwa inanyesha. Akamwambia dereva, "Kijana, mvua hii, ile mbuga haitapitika kwa gari hili." Hakusikilizwa. Tuliingia lango la Ndabaka jua limekwisha kupanda, na mbele kidogo tu Hiace ikazama kwenye udongo mweusi, ule unaonata mpaka gurudumu linakuwa duara la tope. Wanaume wakashuka kusukuma. Tuliona nyani na swala wachache, tukageuza. Tulipoomba walau sehemu ya pesa zetu irudishwe, simu ya yule aliyetukusanya haikupokelewa tena.

Nililia usiku ule. Pesa iliniuma, lakini kilichoniliza ni kwamba nilijua hatakubali tena kirahisi, na alikuwa na haki.

Hapo kuna mambo mtu anaweza kuyakwepa kwa urahisi. Ukanda wa magharibi wa Serengeti, ambao ndio mlango wetu watu wa Mwanza, msimu wa masika haufai kwa gari dogo wala Hiace. Safari ya kujazana pia haimfai mtu unayetaka apende hifadhi, kwa sababu hawezi kusema "simama hapa" na gari likasimama. Na mtu akikuomba pesa yote mapema, muulize mtaingia lango gani, saa ngapi, kwa gari gani. Anayejua kazi yake atakujibu bila kujiumauma.

Baada ya Pasaka ile niliacha kumwalika kabisa. Niliendelea na Saanane yangu na watoto, yeye akitushusha Capri Point na kurudi dukani. Sikumnunia kwa hilo, na nadhani ilisaidia.

Kilichobadilisha mambo kilitokea nyumbani, sebuleni. Nilikuwa nasoma habari za nyumbu wa Serengeti, nikamsomea kwa sauti kipande kilichohusu sotoka. Akazima televisheni. Wasukuma wafugaji sotoka wanaijua kwa masimulizi, ule ugonjwa ulioingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 ukafagia ng'ombe karibu wote. Babu yake alisimuliwa na wazee wake jinsi watu walivyobaki na fimbo bila ng'ombe. Asichokijua ni kwamba sotoka iliwaua nyumbu pia, na iliendelea kuwaua ndama wao miaka mingi baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000. Kisha ugonjwa ukatoweka kwao, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni moja na laki tatu.

"Nani aliwachanja nyumbu milioni?" akaniuliza.

Hakuna aliyewachanja. Waliochanjwa ni ng'ombe wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Ng'ombe walipopona, nyumbu hawakuwa tena na wa kuwaambukiza. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imetokomezwa duniani kote.

Mume wangu anauza chanjo. Kila siku anabishana na wafugaji wanaosema chanjo ni kupoteza hela. Alikaa kimya, kisha akaanza kuniuliza maswali ambayo sikuweza kuyajibu: hao nyumbu wanakunywa wapi kiangazi, wanajuaje mvua imenyesha wapi, ndama wanazaliwa mwezi gani. Wiki iliyofuata nilimkuta anamweleza mteja habari ya sotoka na nyumbu pale dukani, kwa Kisukuma, kwa mikono miwili. Mimi nilizungumzia simba na tembo miaka yote, vitu nilivyovipenda mimi, wakati njia yake ilikuwa ni malisho na magonjwa ya mifugo.

Mwezi wa sita alisema twende. Alisema yeye.

Tulikwenda na familia moja ya majirani ili tugawane gari, Land Cruiser inayofunguka juu, shilingi 250,000 kwa siku bila mafuta. Hiyo ndiyo iliyokula pesa kuliko kitu kingine chochote, na bila kugawana tusingeweza. Tulilala Lamadi kwenye gesti ya kawaida, maana kutoka Mwanza hadi Ndabaka ni kama kilomita 140 na lango linafunguliwa saa 12 asubuhi. Ukitoka nyumbani alfajiri unafika umechoka na wanyama wamekwisha kuingia vivulini. Kibali cha kuingia kina muda wake, kwa hiyo ukiingia asubuhi na mapema unakitumia chote. Malipo ni kwa namba ya malipo kupitia benki au simu, au kwa kadi; fedha taslimu langoni hazipokelewi. Beba kitambulisho cha taifa cha kila mtu mzima, kwa sababu bila uthibitisho wa uraia hesabu inabadilika. Gari la namba za Tanzania nalo hulipiwa kwa shilingi, kiasi kinategemea uzito wake. Ada hizi hurekebishwa mara kwa mara, basi angalia tangazo la mwaka huo la TANAPA, shirika la hifadhi za taifa.

Langoni nilikuwa na wasiwasi. Nilimwona amekaza taya. Askari aliyekagua karatasi zetu alikuwa kijana, akasoma jina la mume wangu, akamsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, baba." Akaitikia. Wakaulizana ukoo na kijiji. Yule kijana alikuwa wa Maswa, na kwao pia wana ng'ombe. Waliongea hapo mpaka dereva akawasha gari. Sijui waliambiana yote gani, ila alipopanda taya ilikuwa imelegea, akaomba akae mbele.

Kuanzia hapo mwongozaji wetu alikuwa yeye. Dereva alitafuta simba, mume wangu akawa anatazama majani. Tulipowakuta nyumbu karibu na mto Grumeti, wametapakaa mpaka macho yanaishia, alimwomba dereva azime injini. Nusu saa hakusema neno. Kisha akatuonyesha. Waliotangulia ni pundamilia, wanakula vichwa vya majani marefu na magumu. Nyuma yao nyumbu, wanakula yaliyofupishwa. Nyuma zaidi swala tomi wanachagua machipukizi chini kabisa. Dereva akashangaa, akasema hivyo ndivyo walivyofundishwa chuoni. Mume wangu akasema, "Mimi nimefundishwa na ng'ombe na mbuzi."

Watoto waliokuwa wameanza kulalamika njaa wakasimama kwenye viti kumsikiliza baba yao. Aliwaeleza safari nzima ya nyumbu kwa lugha ya kichungaji. Mvua zikiwepo wanakaa kusini, kwenye nyasi fupi zilizoota juu ya majivu ya volkeno ya zamani, zenye madini ambayo mama anayenyonyesha anayahitaji. Ndiyo maana wanazalia huko kati ya Januari na Machi. Kusini kukikauka wanakuja huku magharibi, Mei na Juni, wanavuka Grumeti. Halafu wanapanda kaskazini hadi mto Mara, ambako maji hayakauki, wanakaa huko kuanzia Julai hadi Oktoba hivi. "Huko kaskazini ndiko ngitiri yao," akasema. Msukuma yeyote ataelewa hapo: ngitiri ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate cha kula kiangazi. Nimesoma vitabu kadhaa juu ya uhamaji wa nyumbu, na hakuna kilichonieleza vizuri kama sentensi ile.

Baadaye, tukila matobolwa na samaki wa kukaanga eneo la kupumzikia, aliniambia habari ya baba yake na yale madume. Hapo ndipo nilipoisikia yote kwa mara ya kwanza. Hakusema kwamba amesamehe, na sikumuuliza. Alisema tu kwamba sasa anajua kwa nini ule mpaka upo, na kwamba bado anadhani mfugaji anastahili kuelezwa hivyo kabla ya kupigwa faini. Nakubaliana naye.

Kuna mambo madogo ambayo nisingependa mtu ayakute huko bila kujua. Mbung'o wa ukanda wa magharibi wanauma kweli, tena wanavutwa na rangi nyeusi na bluu. Vaeni kaki au rangi ya udongo, suruali ndefu, na mwambie dereva afunge vioo mkipita kwenye vichaka. Maji ya kunywa bebeni mengi kuliko mnavyodhani. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2019, tumieni vikapu. Mwendo ndani ya hifadhi hauzidi kilomita 50 kwa saa, na hairuhusiwi kutoka nje ya barabara hata mumwone chui. Watoto wadogo hawawezi saa kumi garini. Sisi tuliwapa kazi ya kuandika kila ndege wanayemwona, ikasaidia mpaka saa nane, baada ya hapo walilala.

Malazi ndani ya hifadhi ni hoteli za bei kubwa au kambi. Sisi baadaye tulijaribu kambi za umma za Seronera, kama ile ya Pimbi. Unakuja na hema lako, hakuna uzio, kuna vyoo na sehemu ya kupikia. Usiku fisi wanapita karibu kabisa. Mimi sikulala. Mume wangu alilala usingizi mzito, na asubuhi akanionyesha nyayo akaniambia walikuwa wawili na mmoja anachechemea. Ukimpeleka mtu ambaye hajawahi kulala porini, mwambie kabisa mapema kutakuwa na sauti usiku, na hakikisheni hakuna chakula ndani ya hema.

Pesa tunaitoa kwenye kikoba. Tulikubaliana kiasi kidogo kila mwezi ambacho hakigusi ada ya shule wala mtaji wa duka, na mwenye kukitunza ni yeye. Hilo la yeye kutunza naliona muhimu. Wakati nilipokuwa nakusanya mimi, kila safari ilionekana ni pesa iliyotoka mfukoni mwake kwenda kwenye starehe yangu. Sasa akiona mnada umelipa anaongeza mwenyewe.

Si kwamba sasa tunapenda vitu vilevile. Yeye anaweza kukaa na kundi moja la nyumbu asubuhi nzima, mimi nataka kuzunguka. Tumepata utaratibu kwamba asubuhi ni yangu, tukitafuta simba na chui kabla ya jua kali, na mchana ni wake. Viboko hatuelewani kabisa: aliwahi kufukuzwa na mmoja, hataki hata kusimama karibu na bwawa lao, na sisi tumeacha kumsihi.

Rubondo ndiyo iliyotuunganisha zaidi, na sikuitegemea. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hatusubiri tena kivuko kuelekea Geita, na safari ya kufika upande wa boti imekuwa nyepesi. Kisiwa kile ni hifadhi tangu 1977, misitu mitupu na maji, hakuna simba wa kuhofia. Sokwe waliopo ni uzao wa wale walioletwa kutoka bustani za wanyama za Ulaya kati ya 1966 na 1969 na kuachiwa porini. Wanyama waliolelewa kwenye vizimba wakajifunza upya kutafuta chakula na kujenga viota mitini: hilo lilimgusa mume wangu kuliko nilivyotarajia. Alimuuliza mhifadhi maswali mpaka yule mhifadhi akakaa chini. Tahadhari yangu ni kwamba boti huongeza gharama sana, na ziwa likichafuka hamwondoki. Jiwekeeni siku ya ziada, na msipange kurudi kazini kesho yake.

Mwaka huu alitaka twende Februari kuona ndama wanavyozaliwa kule kusini, upande wa Ndutu. Watoto wako shuleni Februari, na kutoka Ndabaka hadi Ndutu ni kuikata hifadhi yote, vibali na mafuta mara mbili. Tumekaa na hesabu mezani, tukakubaliana twende Juni tena, Seronera usiku miwili, na Februari tuipangie mwaka mwingine tukiwa tumejiandaa. Mama mkwe amesema safari hii haachwi, anataka kuwaona hao nyumbu waliopona kwa chanjo ya ng'ombe. Kilichobaki ni kumtafutia dereva mwenye gari lenye ngazi, maana magoti yake hayampandishi Land Cruiser, na kiti cha mbele itabidi mwanawe amwachie.